Tusinunue Stika: Prosesa ni Sehemu ya Sitara ya Bibi Harusi



Leo tuna ugomvi. Tunagombana na tabia iliyozoeleka mpaka hatuioni tena: mwanamke akiingia dukani kutaka kompyuta anauziwa kama anavyouziwa kitambaa cha gauni. Anaonyeshwa rangi. Anaonyeshwa wembamba. Anaonyeshwa stika inayong'aa pembeni ya kibodi, imeandikwa i7, na anaambiwa, "Hii ndiyo yenyewe, dada, chukua." Hakuna anayemuuliza ataifanyia kazi gani. Akiuliza yeye, anajibiwa kwamba mambo ya prosesa ni ya mafundi, yeye aangalie kioo kama kinapendeza.

Tunasema hapana. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ndiyo inayoamua kazi ya siku moja imalizike kwa siku moja au kwa wiki. Na katika visiwa vyetu, ambako shughuli za wanawake hufanyika mlango umefungwa, prosesa inaamua jambo jengine zito zaidi: picha za bibi harusi zibaki mikononi mwa wanawake, au zitoke.

Mlango umefungwa, memori kadi imetoka

Tunajua sote shughuli zetu zilivyo. Wanaume hawaingii. Vijana wa kiume waliokwisha kukua hutolewa nje. Siku hizi mwenye shughuli huomba simu zibaki ndani ya mikoba, na mpiga picha hutafutwa mwanamke, hata kama bei yake iko juu. Yote hayo ni kwa sababu bibi harusi amekaa nywele wazi, mabega wazi, hina na piko zimepanda mpaka juu ya kiwiko, na wageni nao wamevua mabaibui yao wakacheza kwa raha.

Halafu shughuli inakwisha. Mpiga picha anafika kwake, anaingiza memori kadi, anafungua video, na video inakwenda inasimama, inakwenda inasimama. Anajaribu siku mbili. Bibi harusi ameanza kuulizia. Siku ya tatu memori kadi inapelekwa studio kwa kijana mwenye "mashine nzito". Anakaa nayo wiki nzima, anazitazama sura moja moja, anazikata, anazirekebisha rangi, anazihifadhi kwenye diski yake.

Jamani, hapo mlango tuliufunga wa nini? Tulimfukuza shemeji asichungulie dirishani, tukampa mtu tusiyemjua saa sita za video.

Hatumtuhumu kijana wa studio. Wengi wao ni waaminifu na wanafanya kazi yao. Lakini amana haipelekwi mahali ambapo haikulazimika kufika. Na faili la kompyuta si kama picha ya karatasi inayorudishwa mkononi ikawa imerudi. Likishanakiliwa limenakiliwa, na hata likifutwa kwa njia ya kawaida, mara nyingi zipo programu za kulifufua kutoka kwenye diski.

Wala chanzo si uzembe wa mpiga picha wetu au udhaifu wa dini yake. Chanzo ni kwamba aliuziwa prosesa isiyoiweza kazi yake, kwa bei ya ile inayoiweza, na hakuna aliyemwambia.

i7 ni kama dhahabu isiyotajwa karati

Tuanze na hadaa kubwa kuliko zote. Mtu akikwambia "hii ni i7" akanyamaza, ni sawa na mtu kukwambia "hii ni dhahabu" bila kutaja karati wala uzito. Hakuna bibi harusi wa kisiwani atakayekubali seti ya mahari kwa maneno hayo. Ataitaka mizani. Kwa nini kwenye kompyuta tunakubali?

Jina la Core i7 Intel ilianza kulitumia mwaka 2008. Tangu hapo i7 mpya zimekuwa zikitoka kizazi baada ya kizazi, na zote zinaitwa i7. Kinachozitofautisha ni namba inayofuata baada ya kistari. Usomaji wake ni rahisi kuliko kusoma namba za vitambaa: namba ikianza na 2 mpaka 9, tarakimu hiyo moja ndiyo kizazi, ikianza na 1, soma tarakimu mbili. Kwa hiyo i7-7500U ni kizazi cha 7. i5-8250U ni kizazi cha 8. i5-12400 ni kizazi cha 12, na i7-1255U nayo ni kizazi cha 12.

Sasa tazama jinsi stika inavyodanganya. Ile i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo bado iko ndani ya laptopu nyingi zilizotumika, ina viini 2 tu. Kiini ni kama mpishi jikoni: viini 2 ni wapishi wawili. i5-8250U, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, ina viini 4. Na i3-12100 ya mwaka 2022, ya kompyuta ya mezani, ina viini 4 vyenye kasi kubwa zaidi. Yaani "i3" inayodharauliwa inaiacha mbali "i7" inayosifiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na stika ndiyo miguu ya kibaya.

Kizazi cha 8 kina jambo jengine la kukumbuka. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa jumla, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, au ya AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kwa hiyo anayekuuzia i7 ya kizazi cha 4 au cha 6 leo, tena kwa bei ya kuringia, anakuuzia mlango usiokuwa na komeo. Mashine inayohifadhi sura za mabibi harusi wa watu haifai kukaa bila marekebisho ya usalama.

AMD nao hawakutuachia salama. Ryzen zilitoka mwaka 2017 na ni prosesa nzuri, lakini kwenye laptopu za mfululizo wa 7000 majina yake yana mtego. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7640U zinaonekana kama mtu na dada yake. Siri iko kwenye tarakimu ya tatu. Ya kwanza ina 2, maana yake imejengwa kwa ufundi wa Zen 2 uliotoka mwaka 2019, na ina viini 4. Ya pili ina 4, yaani Zen 4, na ina viini 6. Ukiwa na haraka dukani huoni tofauti. Ukifika nyumbani na video ya saa tatu, utaiona.

Herufi ya mwisho inasema mengi

Baada ya namba huja herufi, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotezwa.

U ni ya laptopu nyembamba zinazotumia umeme mdogo. Inafaa kwa kuandika, kwa hesabu za duka, kwa kadi nyepesi. H ni ya laptopu nene kidogo, zenye feni za kweli, zilizotengenezwa kwa kazi ndefu. Kwa hiyo i5-12500H, yenye viini 12, kwenye kazi ya kutoa video ya saa nzima itaipita i7-1255U yenye viini 10, kwa sababu ya kwanza imeruhusiwa kula umeme wa wati 45 na ya pili imepangiwa wati 15. Ukitaja i5 na i7 peke yake, umeichagua iliyoshindwa.

Hii inatugusa sisi zaidi kwa sababu ya joto letu. Prosesa za Intel zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Chumba cha kisiwani mwezi wa Februari, madirisha wazi, vumbi na chumvi ya bahari ndani ya feni, laptopu nyembamba imewekwa juu ya godoro: hapo hata prosesa nzuri inatembea kama mgonjwa. Iweke mezani. Mpe fundi aifungue na kuisafisha, na abadilishe ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto. Fanya hivyo kabla ya kuitukana mashine.

K kwenye prosesa za mezani za Intel ni ya wanaotaka kuongeza mwendo kupita ule wa kiwandani. Wengi wetu hatuihitaji.

F ndiyo tunayoitilia mkazo. F maana yake prosesa haina sehemu ya picha ndani yake. i5-12400 inayo, i5-12400F haina. Ukinunua ya F bila kadi ya picha pembeni, kioo kitabaki cheusi. Na hata ukiwa na kadi ya picha, umepoteza kitu ambacho mhariri wa video za harusi anakihitaji kuliko rangi zote za taa za ndani ya boksi. Tunaeleza hapa chini.

Kwa nini video ya harusi inaganda

Kamera za leo hazihifadhi video kama ilivyo. Zinaikunja, kama unavyokunja kanga ishirini ziingie kwenye sanduku moja. Mkunjo wa siku hizi unaitwa H.265. Video iliyokunjwa hivyo inachukua nafasi ndogo, lakini kila unapoitazama au kuikata, kompyuta lazima ikunjue upya, picha baada ya picha. Viini vya kawaida vikiachiwa kazi hiyo peke yao, vinalemewa, na ndiyo ule mwendo wa "inakwenda inasimama".

Ndiyo maana prosesa za Intel zenye sehemu ya picha zina fundi maalumu wa kukunja na kukunjua video, jina lake Quick Sync. Alianza mwaka 2011, na amekuwa akijifunza mikunjo mipya kadiri vizazi vinavyokuja. Sasa sikilizeni vizuri nyinyi wenye kamera kama Sony A7 IV. Kamera hiyo inaweza kurekodi H.265 yenye rangi nyingi inayoitwa 4:2:2 ya biti 10. Ni rangi nzuri sana kwa ngozi zetu na kwa dhahabu, lakini mkunjo wake ni mgumu. Ukichukua prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, yenye sehemu ya picha, uko salama: fundi wa ndani anaukunjua, na programu kama Adobe Premiere Pro inajua kumtumia.

Na hapa ndipo mashine ya "gemu" inapomwangusha mwanamke wa kamera. Anaambiwa anunue boksi lenye prosesa ya F na kadi kubwa ya NVIDIA, kwa sababu "ndiyo mashine nzito". Lakini kadi za NVIDIA zilipata uwezo wa kukunjua 4:2:2 kwenye mfululizo wa RTX 50 tu, mwaka 2025. Kadi ya RTX 3060 ni nzuri kwa gemu na kwa athari za rangi, ila mkunjo ule hauujui. Prosesa ya F nayo haina fundi. Kwa hiyo mwanamke ametoa pesa nyingi zaidi, na video ya harusi bado inaganda. Angenunua i5-12400 ya kawaida, bila F, kazi ingekwenda na chenji ingebaki.

Kwa wanaopenda Apple, chipu ya M1 iliyotoka Novemba 2020 na zilizofuata zinafanya kazi hii kwa ulaini mkubwa. Ila mjue mambo mawili. MacBook Air ya M1 haina feni, kwa hiyo kwenye kazi ndefu na joto letu itapunguza mwendo. Na RAM yake haiongezwi baadaye: ukinunua ya GB 8 utakufa na GB 8. Kwa video, tafuta GB 16.

Kazi kwanza, prosesa baadaye

Hatusemi kila mwanamke anunue prosesa kubwa. Hilo nalo ni kosa, na wauzaji wanalipenda. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, zikiwemo zile i9 za fahari, zilikuwa na tatizo la volti lililozifanya zikwame na kuharibika. Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho, na ikasema wazi kwamba hayaponyeshi prosesa iliyokwisha kuharibika. Mwenye kununua i9 ya aina hiyo iliyotumika, eti kwa sababu ni "kubwa kuliko zote", ananunua mgonjwa bila kuona cheti chake.

Anza na kazi yako.

Dada wa kadi za mialiko, nembo, michoro ya piko na kusafisha picha kwa Photoshop: kazi yako nyingi hufanywa na viini vichache. Unahitaji kila kiini kiwe na kasi. Wingi wake haukusaidii sana. i3-12100, i5-12400 au Ryzen 5 5600G zinakutosha, na pesa inayobaki itie kwenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Viini 16 kwako ni sawa na wapishi kumi na sita kwenye jiko la mkate mmoja wa ufuta.

Dada wa video: wewe unahitaji viini vingi na fundi wa mkunjo, vyote viwili. Kwa mezani, i5-13500 ina viini 14 na sehemu ya picha. Kwa laptopu, tafuta H, kizazi cha 11 au zaidi. RAM usishuke chini ya GB 16.

Na binti wa gemu, ambaye tunajua mama zake wanamtazama kwa jicho la pembeni. Hatutoi fatwa hapa. Mipaka ya muda wa sala na ya kinachochezwa kila nyumba inaijua. Tunachokataa ni ile kejeli kwamba gemu ni za wavulana. Mvulana akitaka kucheza, anakwenda kwenye kibanda cha gemu mtaani. Binti hana kibanda. Ana chumba chake. Kama kaka yake amenunuliwa mashine, naye ana haki ya jibu lenye akili, wala asipewe laptopu ya waridi na kuambiwa ashukuru.

Jibu lenyewe ni hili. Kwenye gemu, kadi ya picha ndiyo inayochora, na prosesa inapiga hesabu: nani yuko wapi, nini kimeanguka, nani amefunga goli. Hesabu hizo zinataka viini vichache vyenye kasi na kumbukumbu kubwa ya karibu, ile inayokaa ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana AMD walipotoa prosesa za X3D, kuanzia 5800X3D mwaka 2022, wachezaji walizikimbilia. Ryzen 7 7800X3D ina viini 8 tu, lakini ina MB 96 za kumbukumbu hiyo, na kwenye gemu nyingi inaipita Ryzen 9 7950X yenye viini 16 na MB 64. Kwenye kutoa video mambo yanageuka: ile ya viini 16 inaiacha mbali. Prosesa mbili za kampuni moja, kila moja bingwa wa kazi yake. Binti anayecheza The Sims 4 au Minecraft hahitaji hata moja kati ya hizo. Ryzen 5 5600G, yenye viini 6 na sehemu ya picha ndani, itamchezesha vizuri tu, na siku ikipatikana pesa ataongeza kadi.

Wanaotupinga

Wapo watakaosema simu inatosha. Kwa video ya dakika moja ya kuweka mtandaoni, kweli inatosha, na hatuidharau. Kwa shughuli ya saa sita iliyopigwa kwa kamera mbili, haitoshi.

Wapo watakaosema pesa hakuna. Hao tunawaelewa zaidi kuliko wote, na kwao tuna neno la faraja. Kama mashine yako ni ya zamani, usikimbilie studio. Premiere Pro na DaVinci Resolve zote zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video zako. Usiku ukilala, kompyuta inazitengeneza. Asubuhi unakata zile nyepesi, na mwisho wa kazi programu inarudi yenyewe kwenye zile asili na kutoa video safi. Itachukua muda zaidi, lakini sitara ya bibi harusi imebaki ndani ya nyumba yako. Mwambie mteja wiki tatu badala ya moja, na umwambie kwa nini. Wengi watakushukuru.

Na wapo watakaosema haya ni mambo ya kiume. Bibi zetu walijua kutofautisha karafuu ya daraja la kwanza na ya pili kwa kuiponda vidoleni. Mama zetu wakishika kanga tu wanajua itachuja au haitachuja. Mwanamke anayejua hayo ashindwe kusoma namba tano na herufi moja?

Ukienda dukani, na ukikaa kupanga mahari

Ukienda dukani, usiguse stika. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji, na usome jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Muuzaji anaweza kubandika stika yoyote. Jina hilo ni gumu zaidi kulidanganya. Chukua flashi yenye video yako mwenyewe ya majaribio, ya bahari au ya bustani, kamwe isiwe ya mteja. Ifungue pale pale, uirushe mbele na nyuma. Chomoa chaja, ujaribu tena. Ikae imewaka dakika ishirini, uguse sehemu ya chini. Muuzaji mkweli hataona tabu. Anayekuharakisha amekwisha kukujibu.

Mashine zilizotumika zinazoshuka bandarini kutoka Dubai na kwengineko hatuzikatai. Nyingi ni nzuri, na kizazi cha 8 kilichotunzwa vizuri kinamtosha mwanamke wa kadi. Tunachokataa ni bei ya kizazi cha 12 kulipiwa kizazi cha 4. Kughushi katika biashara dini yetu imekukataza, awe anayeuza amevaa kanzu au fulana, na mnunuzi kunyamaza hakuiondoi dhambi hiyo.

Na wewe bibi harusi, una nguvu kuliko unavyodhani. Kabla hujatoa arubuni kwa mpiga picha, muulize maswali matatu. Nani atakayehariri video yangu? Atahariri kwenye mashine ya nani? Mafaili yangu yatakaa wapi, na yatafutwa lini? Akijibu kwa kujiamini, mlipe anachostahili, hata kama ni ghali kidogo. Unalipia mlango uliofungwa mpaka mwisho. Akibabaika, usimtukane. Mwambie akija na jibu utarudi. Mabibi harusi kumi wakiuliza maswali hayo, wapiga picha wote wa mji watajua prosesa zao kwa majina.

Tena kuna hili, tunalitupa uwanjani kwa wenye kuthubutu. Mahari ni mali ya mke mwenyewe, na ni yeye wa kusema anataka nini. Kama kazi yako ni ya mikono hii na kioo hiki, hakuna aibu kutaja kompyuta, kwa jina lake kamili, kizazi na herufi yake, pamoja na ile dhahabu. Na walio kwenye michezo ya kupeana pesa kila mwezi, zamu yenu ikifika, kabla ya seti ya pili ya makochi, fikirieni mashine moja nzuri ya wanawake watatu wa mtaa mmoja, wenye kuaminiana, wapeane kwa siku.

Andikeni jina la prosesa yenu leo, mlisome lote, na mumwambie na mwenzenu. Allah atusitiri na atupe riziki ya halali.